Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi kwenye mtambo wa taka mchanganyiko

Ninasimamia zamu ya asubuhi kwenye mtambo unaopokea taka za majumbani vilevile zilivyotupwa: mabaki ya chakula, nepi, chupa, makaratasi, viatu, vyote ndani ya mfuko mmoja. Mashine huchambua, kisha bakteria na kuvu humalizia kile ambacho mashine haziwezi. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, hudhani nachoma taka au nazifukia. Kazi yangu iko katikati: kuhakikisha kwamba kitakachochomwa kinafaa kuchomwa, na kitakachofukiwa kimekwisha kuoza kabla hakijafika ardhini.

Saa 11:30 alfajiri

Hata buti sijavaa, napitia kwanza skrini za chumba cha udhibiti. Ninachokitafuta ni joto la mahandaki. Handaki kwetu ni chumba kirefu cha zege chenye matundu sakafuni. Hewa inasukumwa kutoka chini, inapenya kwenye taka zinazooza, inavutwa juu. Humo ndani hakuna jiko wala hita. Joto lote linatokana na vijidudu wenyewe wanapokula.

Mwenzangu wa usiku ananiambia handaki la tatu limefika nyuzi joto 68 na bado linapanda. Tunapenda likae kati ya 55 na 65, ambapo vimelea vya magonjwa vinakufa na kuoza kunakwenda mbio. Likivuka 70, hata bakteria wanaopenda joto wanaanza kufa na kazi inadorora. Naongeza kasi ya feni. Wageni wakitutembelea hudhani feni zile ni za kuwapa vijidudu oksijeni tu. Oksijeni wanaihitaji kweli, lakini sehemu kubwa ya hewa tunayopuliza ni ya kuondoa joto.

Saa 12:10 asubuhi

Malori yameanza kupanda mizani. Mlango wa ukumbi unafunguka, lori linaingia, mlango unashuka nyuma yake. Muda wote feni zinavuta hewa ya ukumbini, kwa hiyo mlango ukifunguka hewa ya nje ndiyo inayoingia na harufu haipati njia ya kutoka. Majirani wakinusa taka, tumeshindwa kazi, hata kama mengine yote yamekwenda sawa.

Dereva wa kijiko anatandaza mzigo, nami nasimama nyuma ya kioo na redio mkononi. "Kaka, subiri, kulia kwako kuna mtungi." Mtungi wa gesi unawekwa pembeni. Magodoro nayo yanatolewa, na kamba, na mipira ya kumwagilia bustani. Hivi havilipuki, ila vikijiviringisha kwenye mashine, laini nzima ya uchambuzi inasimama na fundi analazimika kuingia na kisu kuvikata kimoja kimoja.

Kwa hesabu ya Benki ya Dunia iliyotolewa 2018, mwaka 2016 dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini, na karibu 44% yake ilikuwa mabaki ya chakula na majani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiwazia zaidi. Ikifukiwa mbichi pasipo hewa inatoa methani, gesi inayoipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksaidi ukipima kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukipima kwa miaka 20. Plastiki inaonekana, kwa hiyo inalalamikiwa. Methani haionekani wala hainuki, na dampo linaweza kuendelea kuitoa kwa miongo kadhaa baada ya lori la mwisho kuondoka.

Saa 1 asubuhi

Laini inawashwa. Kwanza mashine ya kuchana mifuko, kisha chekeche: pipa la chuma, refu na pana kiasi cha lori kuingia, linalozunguka polepole huku likiwa limetobolewa matundu ya milimita 80 hivi. Hapa ndipo taka zinapogawanyika njia mbili. Vinavyopenya kwenye matundu ni vidogo na vizito: chakula, karatasi zilizolowa, mchanga, vipande vya vioo. Vinavyobaki juu ni vikubwa na vikavu: mifuko, nguo, maboksi.

Vilivyobaki juu vinapita chini ya sumaku inayonyakua chuma, kisha kwenye mashine ninayoipenda kuliko zote. Ndani yake kuna sumaku zinazozunguka kwa kasi kubwa. Alumini haivutwi na sumaku, lakini mzunguko ule unaamsha umeme ndani ya kopo lenyewe, na kopo linaruka mbele huku plastiki iliyokuwa sambamba nalo ikidondoka chini. Mwishoni kuna kamera za miale isiyoonekana kwa macho, zinazotambua aina ya plastiki kwa jinsi inavyorudisha mwanga, na hewa ya mgandamizo inaipuliza kila moja upande wake.

Plastiki chafu, nguo na karatasi zisizofaa kurejelezwa zinakatwakatwa kuwa fueli. Viwanda vya saruji katika nchi nyingi huzitumia badala ya sehemu ya makaa ya mawe. Si kila uchafu mkavu ni fueli, lakini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 21640 cha 2021 kinaipanga kwa vipimo vitatu: nguvu ya joto, klorini na zebaki. Klorini nyingi hutoka kwenye plastiki ya PVC, na ikizidi inakula mabomba ya tanuri la mteja. Ndiyo maana kipande cha bomba jeupe kinanisumbua kuliko godoro.

Saa 2:40

Kamera ya joto imepiga kengele. Kwenye mkanda unaotoka kwenye mashine ya kukatakata kuna doa jeupe kwenye skrini, na doa linakua. Mkanda unasimama wenyewe, povu linamwagika, vijana wawili wenye vifaa vya kupumulia wanasogea na koleo ndefu.

Ni betri ya lithiamu, nyembamba kama kidole, bado imeshikamana na kipande cha ganda la sigara ya kielektroniki. Meno ya mashine yakiibana, tabaka jembamba linalotenganisha pande zake mbili linapasuka, pande zinagusana, na joto lake linapanda ndani ya sekunde chache hadi plastiki iliyo jirani inashika moto. Tunaitumbukiza kwenye pipa la maji nje ya ukumbi, na hata humo inaendelea kutoa mapovu. Kisha tunakagua mkanda mita kwa mita, maana mara nyingi betri moja hufuatana na nyingine.

Kuna mitambo ya taka iliyoteketea kabisa kwa namna hii, katika nchi zenye vifaa bora kuliko vyetu. Tafadhali, betri isiingie kwenye mfuko wa taka. Vijana hawa wawili nawafahamu, na wana familia.

Saa 4

Mahandaki. Navaa barakoa yenye kichujio, kwa sababu taka zinazooza hurusha mbegu za kuvu, hasa *Aspergillus fumigatus*, na pafu lenye udhaifu haliziwezi. Kisha namwomba dereva anifungulie handaki la pili.

Mvuke unatoka kwanza. Ukishapungua nachota kwa mkono wenye glavu kutoka kina cha dhiraa moja na kufinya. Maji yakichuruzika, ni mbichi mno: nafasi za hewa zimejaa maji, bakteria wasiohitaji oksijeni wanachukua uwanja, na harufu ya mayai yaliyooza inafuata. Nikifungua kiganja na tonge likabaki limeshikamana huku glavu ikiwa na unyevu tu, niko pazuri, asilimia 50 na kitu hivi. Likisambaratika kuwa vumbi, limekauka.

Hapa pana mtego ninaopaswa kumfundisha kila mgeni kazini. Taka iliyokauka inafanana na taka iliyokwisha kuoza. Ina rangi ya kahawia, haina harufu, haina joto. Imwagie maji uone: ndani ya siku mbili imeamka, inafuka, inanuka. Vijidudu hawakuwa wamemaliza chakula, walikosa maji tu. Ukiifukia hivyo, mvua ya kwanza itaanzisha upya kila kitu, safari hii chini ya ardhi pasipo hewa.

Wapo wanaokausha kwa makusudi, na ni jambo zuri likifanywa kwa sababu yake. Italia ina mitambo mingi inayoacha joto la vijidudu likaushe taka zote kwa wiki moja au mbili ili ziwake vizuri kama fueli. Huko kukauka ndiko lengo. Sisi tunataka chakula cha vijidudu kiishe, kwa hiyo nayaandikia mahandaki mawili yamwagiwe maji.

Wengine huanza na matangi yaliyofungwa yasiyo na hewa, kama ilivyo baadhi ya mitambo ya taka ya Barcelona iitwayo Ecoparc. Methani ileile inayotutisha damponi inakusanywa humo na kuzalisha umeme, kisha mabaki ndiyo yanakwenda kuozeshwa kwa hewa. Nauonea wivu umeme ule. Siwaonei wivu mafundi wake, kwani mchanga na vioo vinavyoingia na taka mchanganyiko hutuama chini ya tangi, na tangi kama hilo kulisafisha ni shughuli pevu.

Saa 6 mchana

Hewa yote tuliyoivuta tangu alfajiri lazima ipitie mahali. Kwanza inaoshwa kwa maji yenye asidi ya salfuriki, inayonasa amonia na kuigeuza chumvi ya amonia salfeti. Kisha inapenya taratibu kwenye kitanda cha vipande vya mizizi na magome ya miti, na vijidudu wanaoishi juu ya mbao hizo wanakula kilichobaki cha harufu. Nakagua kama kitanda kina nyufa, kwa sababu hewa hufuata njia rahisi. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: kanuni yake ya 2001 iliweka kikomo cha gramu 55 za kaboni ya kikaboni (iliyomo kwenye mivuke na gesi za kuoza) katika hewa inayotoka, kwa kila tani ya taka, na kitanda cha mbao peke yake hakiwezi kufika hapo. Mitambo yao ikalazimika kuichoma hewa yenyewe.

Chakula cha mchana, dakika 30.

Saa 7

Maabara ndiko siku yangu inakoamuliwa. Kipimo tunachokitegemea huchukua siku nne: sampuli inafungiwa kwenye chupa yenye unyevu wa kutosha, tunapima oksijeni inayoliwa humo. Vijidudu wakiwa bado na chakula, wanapumua sana. Kikiwa kimekwisha, wanapumua kidogo. Ujerumani ilipopiga marufuku kufukia taka ambazo hazijashughulikiwa, kuanzia tarehe 1 Juni 2005, ilitaka oksijeni isizidi miligramu 5 kwa gramu moja ya taka kavu. Austria inakubali 7. Sisi tunajipima kwa ile 5.

Mzigo wa handaki la kwanza umepita. La tano halijapita, kwa hiyo linarudi ndani, ingawa nafasi ni finyu na malori ya kesho yanakuja. Hapo sibishani na mtu.

Kisha namwaga sampuli iliyopita kwenye sinia jeupe. Ni nyeusi, laini, ina harufu ya msitu baada ya mvua. Sogeza taa. Vinang'aa vipande vya vioo vidogo kuliko punje ya mchele, nyuzi za nguo, chembe za plastiki za rangi tatu. Vijidudu wamekula kila kinacholika na kuviacha hivi vikiwa safi kabisa. Chekeche la milimita 10 haliviondoi, na metali nzito zilizotoka kwenye betri na rangi haziondolewi na chekeche lolote.

Ndoto ya kugeuza taka za mji kuwa mbolea si ya jana. Uholanzi iliunda kampuni ya VAM mwaka 1929, na treni zikapeleka taka za The Hague hadi kijiji cha Wijster zikawe mboji ya mashamba. Taka za wakati ule zilikuwa majivu na mabaki ya jikoni kwa wingi. Zilizobadilika ni taka. New South Wales, Australia, iliacha kuruhusu mabaki ya taka mchanganyiko mashambani mwaka 2018, na kuanzia tarehe 1 Januari 2027 Umoja wa Ulaya hautayahesabu kuwa urejelezaji. Naziunga mkono sheria zote mbili. Kinachotoka kwenye handaki langu ni taka iliyotulizwa, inayofaa kufukiwa au kufunika dampo. Anayeiita mboji anamdanganya mkulima.

Saa 7:40

Handaki la sita tumelitenga kwa taka za jikoni na bustani zilizotenganishwa nyumbani kabla ya kutupwa. Bakteria ni walewale, feni zilezile, joto lilelile, dereva yuleyule. Namwaga sampuli yake kwenye sinia la pili, kando ya la kwanza, na kuikagua kwa taa ileile. Napata kibandiko kimoja cha plastiki na kipande cha ganda la konokono. Hii inakwenda shambani.

Tumeomba handaki la saba nalo ligeuzwe hivyo. Jibu linategemea kama mzigo uliotenganishwa utatosha kulijaza.

Saa 8

Namkabidhi dada anayeingia zamu ya mchana. Handaki la tatu limeshuka hadi 61, feni zirudishwe kasi ya kawaida likifika 58. La pili na la nne yamwagiwe maji, la tano linarudiwa. Mkanda wa fueli ulipata betri, kamera ya joto isizimwe hata wakati wa kufagia. Anauliza kuhusu la sita. Namwambia akaangalie masinia mawili maabara, nimeyaacha mezani.