Ninavyotia saini kontra bila karatasi hapa Lubumbashi

Mtu anatia saini kwenye karatasi nyeupe, anaipiga picha, anaibandika chini ya kontra ya Word, anairusha kwa WhatsApp. Mji mzima unafanya hivyo. Mimi nimeacha, kwa sababu picha ile yeyote anaweza kuinakili na kuibandika chini ya deni usilolijua.

Kontra ninazoandaa ni za usafirishaji na za kuuza vifaa, kati ya mfanyabiashara na mfanyabiashara. Kwao sheria ni nyepesi: Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 12 Septemba 2012, na kifungu cha 5 cha Akti ya Pamoja ya biashara kinakubali ushahidi wa kila njia, hata wa kielektroniki. Akti hiyohiyo inaitaka saini yenye nguvu kamili itimize masharti manne: iwe ya mtu mmoja tu, imtambulishe, itoke kwenye chombo anachokishika peke yake, na iungane na hati kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye lionekane. Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya 13 Machi 2023 imeongeza uzito upande huo. Kwa mtu asiye mfanyabiashara naenda polepole, na kwa parseli (kiwanja) sijaribu kabisa: hiyo ni karatasi mpaka kwa konservatere, afisa wa hati za ardhi.

Sharti la nne ndilo linaloharibika mikononi mwa watu. Namaliza maneno yote kwanza, bei, tani, tarehe, viambatisho, halafu nageuza kuwa PDF moja. Hapo ndipo natia saini kwa cheti changu cha kidijitali, yaani faili linalothibitisha kuwa saini ni yangu, na naomba muhuri wa muda kutoka kwenye seva ya nje, maana saa ya kompyuta mtu anaweza kuirudisha nyuma. Mwenzangu anaongeza yake kwenye faili lilelile. Akilichapa upya kuwa PDF, au akaliunganisha na faktura, saini yangu imekufa. Kinachobaki ni mchoro. Hii ndiyo ajali ya kila wiki.

Likirudi, nalifungua kwa Acrobat Reader na kusoma paneli ya saini, siyo mchoro wa chini. Natafuta maneno yanayosema hati haijabadilishwa tangu iliposainiwa. Kisha kwenye Windows naandika:

certutil -hashfile kontra.pdf SHA256

Zinatoka herufi na tarakimu 64, ndiyo alama ya kidole ya faili. Mwenzangu anafanya vilevile kwake, tunasomeana kwa simu zile nane za kwanza na nane za mwisho. Nukta moja ikihama ndani ya faili, mstari wote unageuka.

WhatsApp haina shida ukituma kama dokima. Ukituma kama picha, inabanwa na hakuna kinachobaki cha kukagua. Na kuchapa pia: karatasi iliyotoka kwenye printa ni kopi tu, orijino ni faili. Kwa hiyo nalihifadhi sehemu mbili, pamoja na ripoti ya ukaguzi na barua pepe za mapatano, kabla muda wa cheti haujaisha.

Kuna wateja wasioamini kitu kisicho na kashe ya duara, muhuri wa kampuni. Sawa, naweka picha ya kashe, lakini kabla ya saini ya kwanza, siyo baada.