Siku moja na bakteria wa dampo

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Juni hapa Mbeya inapenya hadi kwenye mabuti. Nipo dampo na mzee anayeokota chupa za kuuza kwa kilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo chimba huku, rambo hizi ni za kabla ya marufuku."

Marufuku ya mifuko ya plastiki nchini ilianza Juni 2019. Udongo uliolala na nailoni miaka yote hiyo ndio ninaoutafuta: huenda una bakteria wanaokula plastiki.

Saa 3, maabara. Gramu 1 ya udongo kwenye mililita 9 za maji ya chumvi, nazimua mara kumi, tena na tena, napaka kwenye sahani, naingiza kwenye inkubeta, nyuzi 30.

Saa 5 akaingia mwenye nyumba ya wageni. "Dada, nasikia mna dawa ya kuyeyusha plastiki. Nipimie lita tano nikamwage shimoni."

Nikampa kiti. Nikamweleza kuhusu Ideonella sakaiensis, bakteria aliyepatikana Sakai, Japani, akatangazwa 2016. Anakula PET, plastiki ya chupa za maji, kwa vimeng'enya viwili. Lakini alipewa karatasi nyembamba na laini ya PET, kwenye nyuzi 30, na bado ilimchukua kama wiki sita. Chupa yenyewe ni ngumu zaidi. Nailoni ya rambo, yaani polithini, ndiyo kabisa: mnyororo mtupu wa kaboni, haina vile viungo ambavyo vimeng'enya vya bakteria huyo hukata. Na shimo lako, baba, kwa baridi hii litafika lini nyuzi 30?

"Sasa lita moja?"

Nikaanza upya. Saa nzima ikaisha, akaondoka akisema, "Kwa hiyo mwaka mzima mnafanya nini?" Iliniuma. Hata chai sikuinywa.

Tunapima. Mchana wote nilitoa vipande vya nailoni kwenye chupa za majaribio, nikaviosha kwa sabuni mpaka utando wa bakteria utoke, nikavikausha, nikavipima kimoja kimoja. Umeme ukakatika, nikasubiri, ukarudi, nikaisawazisha mizani na kuanza tena. Macho yanawasha, mgongo umekufa. Vilikuwa vimepungua kidogo! Kisha nikapima vile visivyotiwa bakteria. Navyo vimepungua vilevile.

Giza lilishaingia nilipoandika daftarini: hakuna tofauti. Nikatia sahihi.

Simu ikaita. Mzee. Amefika tabaka la chini zaidi, rambo zimeshikana na udongo mweusi. Kesho niwahi.