Korosho nne juu ya benchi: siku yangu moja redioni Mtwara

Majirani zangu wa Magomeni wanasema kazi yangu ni ya mdomo: naingia studio, naongea, natoka, mshahara unaingia. Mimi ni mwandaaji na msomaji wa habari za dunia katika redio ndogo ya jamii hapa Mtwara mjini. Ukijumlisha taarifa zangu zote za siku, sauti yangu hewani haifiki robo saa. Kazi yenyewe iko kwenye saa zilizobaki, ambazo hakuna anayezisikia. Nimechagua kusimulia Jumatatu ya tarehe 3 Oktoba 2022, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Bosnia na Herzegovina, nchi ya kusini-mashariki mwa Ulaya, kwa kuwa daftari la siku ile bado ninalo na kurasa zake zimejaa mikwaruzo.

Saa 9:45 usiku. Simu inalia. Maji ya baridi, kanga begani, bodaboda ninayemfahamu ananisubiri nje. Njiani tunapishana na akina mama wa samaki wanaowahi feri. Tunasalimiana kwa mkono tu, maana sisi ndio tuliokwisha kuamka.

Saa 10:30 alfajiri. Nafungua kompyuta. Dunia imejaa. Burkina Faso kuna mapinduzi, Kapteni Ibrahim Traoré kamwondoa Luteni Kanali Damiba, ya pili ndani ya mwaka mmoja. Indonesia zaidi ya watu 120 wamekufa kwenye uwanja wa mpira. Brazil Lula kapata asilimia 48 na Bolsonaro 43, watarudiana tarehe 30. Na Bosnia wamepiga kura. Taarifa ya saa 12 ina dakika nne. Nikigawa, Bosnia inapata sekunde 40.

Jaribu wewe. Sekunde 40 kuieleza nchi yenye marais watatu kwa mpigo, Mbosniaki mmoja, Mkroati mmoja, Mserbia mmoja. Nchi yenye sehemu mbili, kila moja na serikali yake: Shirikisho, wanakoishi zaidi Wabosniaki na Wakroati, na Republika Srpska ya Waserbia. Halafu kuna wilaya ya Brčko ambayo haitawaliwi na upande wowote peke yake. Juu ya hao wote yupo Mwakilishi Mkuu kutoka nje, ambaye usiku wa jana, vituo vilipofungwa tu, alitangaza kubadilisha sheria ya uchaguzi na katiba ya Shirikisho. Na huwezi kusema "Republika Srpska" ukapita, kwa kuwa msikilizaji atadhani unazungumzia Serbia, ambayo ni nchi nyingine kabisa.

Neno lililonitesa zaidi ni hili: hao watatu niwaite nani? Nikisema makabila, msikilizaji wangu atafikiria Wamakonde, Wamakua na Wayao, kila mmoja na lugha yake. Lakini Mbosniaki, Mserbia na Mkroati wanasikilizana bila mkalimani. Kinachowatenganisha zaidi ni dini na historia: Waislamu, Waorthodoksi, Wakatoliki. Nikisema dini, nitakuwa nimedanganya pia, maana yupo asiyesali popote na bado ni Mserbia. Niliandika "makabila", nikafuta. Nikaandika "mataifa", nikafuta. Mwisho nikaandika "jamii tatu zinazotambuliwa na Katiba". Ni maneno mazito kwa alfajiri, ila hayana uongo.

Kisha majina. Daftari langu lina ukurasa wa matamshi, naandika jinsi mdomo utakavyokwenda: Denis *Bechirovich*, aliyemshinda Bakir *Izetbegovich*, mtoto wa rais wa kwanza wa nchi ile. Zheliko *Komshich* (wao huandika Komšić), kiti cha Wakroati. Zhelika *Tsviyanovich*, mwanamke wa kwanza kuingia kwenye urais huo. Hiyo *zh* Kiswahili hakina, kwa hiyo nairudia peke yangu hadi ulimi uzoee. Fundi mitambo aliniuliza kwa nini najichosha, nani Mtwara atajua nimekosea? Nilimjibu kwamba mtu akitajwa redioni, hata kama yuko Sarajevo, ana haki ya kuitwa jina lake.

Nilikuwa na sentensi moja zaidi, kuhusu wale wasio wa jamii yoyote kati ya hizo tatu. Nikaipima kwa saa: sekunde tisa. Nikaikata.

Saa 12 na saa 1 asubuhi. Nasoma. Zinapita salama.

Saa 2. Zamu ya michezo. Simu zinaita mfululizo, Manchester City kawafunga United sita kwa tatu jana, na mimi ndiye ninayepokea kwa kuwa mwenzangu yuko hewani. Chai yangu inapoa.

Saa 4 na kidogo. Nilitakiwa kurekodi tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Mlinzi akaja: "Dada, kuna mzee getini anakuulizia. Amekasirika."

Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya kiua, shati limeoshwa vizuri, kiatu kina vumbi la barabara. Katoka Nanguruwe na Hiace ya asubuhi, kaja mjini kwa mambo yake ya korosho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa saa kumi na mbili?"

"Ndiye mimi."

"Umesema nchi moja ina marais watatu. Vijana kijiweni wamesema redio imekosea. Mimi nikasema redio haikosei. Wakanicheka. Sasa nimekuja uniambie, mmekosea au hamkukosea?"

Nilimwambia hatujakosea. Nilidhani yameisha. Akakaa kwenye benchi la mapokezi, akaweka fimbo kati ya magoti, akasema, "Haya, eleza."

Nilikuwa macho tangu saa tisa na robo tatu, tumboni sina kitu, na mwenye tangazo alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikaeleza haraka: walipigana kuanzia 1992 hadi 1995, watu wapatao laki moja walikufa, wakapatanishwa Dayton, Marekani, na Katiba yao imeambatishwa kwenye mkataba huo wa amani. Kila jamii ikapewa mtu wake juu ili asiwepo wa kummeza mwenzake. Mzee akasikiliza, akanyamaza, kisha akarudi palepale: "Sawa. Sahihi anaweka nani?"

Nikaanza upya. Uenyekiti unazunguka kila baada ya miezi minane. Wanatakiwa kuafikiana. Wawili wakimzidi mmoja, huyo mmoja anaweza kusema uamuzi huu unaumiza watu wangu, ukapelekwa kwa wawakilishi wa upande wake, na theluthi mbili yao wakimuunga mkono, umekufa.

"Na jeshi linamsikiliza nani?"

"Wote watatu kwa pamoja."

"Haliwezekani."

Mwenye tangazo akapiga tena. Nilisikia joto la hasira likinipanda shingoni, na mbele ya mzee hasira haina pa kwenda, inabidi uimeze. Akauliza kama ni mambo ya Zanzibar, Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nikamwambia Zanzibar wanagawana kwa vyama. Karibu zaidi ni Burundi. Hapo macho yake yakabadilika. Arusha anaikumbuka: Mwalimu alianza upatanishi, alipofariki Mandela akaupokea, wakatia sahihi Agosti 2000. Nikamwambia Burundi Katiba ya 2005 ilitenga bungeni asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na Seneti nusu kwa nusu. Lakini Burundi hawakukata ardhi. Bosnia ardhi pia iligawanywa, asilimia 51 kwa 49, na hapo ndipo shida inapozidi.

Hakuelewa hilo la ardhi. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa korosho za maganda, sampuli alizokuja nazo. "Nioneshe kwa hizi."

Nikachukua tatu. Nikaweka fimbo yake katikati ya benchi kama mpaka. Korosho mbili upande huu: Mbosniaki na Mkroati, hawa wanachaguliwa na watu wa Shirikisho. Korosho moja upande ule: Mserbia, anachaguliwa na watu wa Republika Srpska. Mserbia anayeishi upande huu hawezi kugombea. Mbosniaki anayeishi upande ule hana wa jamii yake wa kumpigia kura ya urais. Na huku Shirikisho mpiga kura anachagua apendalo kati ya orodha mbili, ndiyo maana vyama vikubwa vya Wakroati vinalalamika kwamba Komšić kawekwa na kura za Wabosniaki.

Mzee akazitazama muda mrefu. Ile moja ilitaka kuanguka, akairudisha kwa kidole. Kisha akatoa korosho ya nne, akaiweka mwisho wa benchi, mbali na fimbo.

"Na huyu?"

"Yupi babu?"

"Ambaye si wa hao watatu. Au mama yake wa huku na baba yake wa kule. Huyo anakuwa rais lini?"

Sentensi yangu ya sekunde tisa ndiyo hiyo. Niliikata saa kumi na moja alfajiri, na mtu katoka nayo Nanguruwe, hakuisikia popote, kaitafuta mwenyewe kwa korosho zake.

Nikakaa chini. Tangazo nikaliacha. Nikamwambia Katiba yao inawaita "Wengine". Wawili kati yao, Dervo Sejdić ambaye ni Mroma (wa jamii ndogo iitwayo Waroma, si mtu wa jiji la Roma) na Jakob Finci ambaye ni Myahudi, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa sababu hawaruhusiwi kugombea urais wa nchi yao wenyewe. Desemba 2009 mahakama ikasema ni ubaguzi. Miaka mitano baadaye mwanamke aitwaye Azra Zornić akashinda pia, yeye alikataa kujitaja kuwa wa jamii yoyote, alisema ni raia tu. Na jana, 2022, wamepiga kura Katiba ikiwa ileile.

"Karani wa sensa alikuja kwangu mwezi wa nane," mzee akasema. "Kaniuliza choo, kaniuliza mifugo, kaniuliza watoto. Kabila hakuniuliza."

Mimi baba yangu Mmakonde, mama Myao. Sikumwambia, ila nililiwaza siku nzima. Kule ningelazimika kuchagua mmoja wa kumkana kabla ya kugombea.

Kilichomuudhi kabisa kilikuwa Mwakilishi Mkuu. Nilipomweleza kwamba Christian Schmidt ni Mjerumani, na kwamba tangu 1997 mwenye cheo hicho anaweza kuweka sheria na hata kumfukuza kiongozi aliyechaguliwa, alisema, "Kumbe bado wana gavana." Nikamfafanulia kwamba kazi yake ni kusimamia mkataba wa amani, na kwamba mabadiliko yenyewe yalihusu, pamoja na mengine, kuongeza wajumbe wa Baraza la Watu, sehemu ya bunge la Shirikisho, kutoka 58 hadi 80, na hesabu za kura za jana hazikuguswa. Akatikisa kichwa. Kubadilisha kanuni ya mchezo wakati kura ziko kwenye sanduku, alisema, hata katika chama cha msingi cha korosho watu wangevunja meza. Sikuwa na la kumpinga.

Aliondoka karibu saa sita. Aliaga kwa heshima, akasema atasikiliza jioni. Korosho aliziacha.

Mchana ule siukumbuki kwa saa. Nilirekodi tangazo, mwenye nalo akanisema kwa simu, nikaomba radhi. Nilikula ugali wa muhogo na kisamvu nikiwa nimesimama. Joto lilikuwa la Oktoba. Nilirudi kusoma hukumu ile ya 2009 kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, natafuta Kiswahili chake, macho yanajifunga.

Jioni nikamfuata mhariri kuomba dakika moja zaidi. Akanipa sekunde 30. Brazil ikapungua, Bosnia ikapanda. Dakika ishirini kabla ya taarifa umeme ukakatika, jenereta likagoma kuwaka, na fundi akalivuta kamba mpaka shati likamganda mgongoni. Niliandika taarifa yote upya kwa mkono, kwa tochi ya simu, maana kompyuta haikuwa na chaji. Jenereta likashika tukiwa tumebakiwa na dakika tatu.

Nikasoma. Bechirovich, Komshich, Tsviyanovich, *zh* zote mahali pake. Kisha Sejdić na Finci, na miaka kumi na mbili na zaidi ya hukumu isiyotekelezwa. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, nadhani ilisikika.

Nilifika nyumbani saa tatu kupita. Mama alikuwa ameniwekea ming'oko kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikula nikiwa nasoma simu: Republika Srpska, Milorad Dodik na Jelena Trivić, wote wawili wanasema wameshinda kiti cha rais wa upande ule. (Kura zilikuja kuhesabiwa upya, na mwishoni mwa Oktoba Dodik akathibitishwa.) Usiku ule hakuna aliyejua. Nikaandika kwenye daftari: *wote wawili wanadai kushinda, tume haijathibitisha*, nikapima, sekunde sita, nikatega simu saa 9:45.