Wakati Ule Alipokuwa Pamoja Nao

Somo la juma: Matendo ya Mitume 9:36–43

Wapendwa katika Kristo, salamu kwa jina la Bwana.

Petro alipofika Yafa, mambo ya msiba wa Dorkasi yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Mwili umeoshwa na kulazwa orofani, wajane wamejaa chumbani wanalia. Msibani tumezoea kumsimulia marehemu: alikuwa mtu wa watu, alinifaa siku ya shida, hakuwa na kinyongo. Wajane wa Yafa walimwonyesha mtume nguo. Ona kanzu hii. Ona na vazi hili. Pengine wengine walikuwa wamezivaa palepale, ikawabidi washike pindo tu na kulinyanyua. Kisha Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anatia maneno machache ambayo msomaji mwenye haraka huyaruka: nguo hizo Dorkasi alizitengeneza "wakati ule alipokuwa pamoja nao."

Nimekaa na maneno hayo juma zima kwa sababu ya kikundi chetu cha kufuma kwa sindano na uzi. Ndugu mmoja, mtu mwema kabisa, aliuliza katika kikao kama kikundi hicho kihesabiwe kuwa huduma, au ni burudani ya akina mama wenye nafasi. Aliuliza bila ubaya wowote. Maombi ya usiku yanajulikana ni huduma. Kwaya ni huduma. Watu waliokaa kwenye viti wakihesabu vitanzi vya uzi, huku wanacheka, ni nini?

Tumwangalie Dorkasi. Luka anamwita mwanafunzi, na anasema alijaa matendo mema na sadaka. Hatuambiwi kama aliolewa, kama alizaa, wala fedha ya nyuzi na vitambaa aliitoa wapi. Neno lake hata moja halikuandikwa. Natamani kujua alisema nini alipofumbua macho akamkuta mvuvi wa Galilaya amepiga magoti kando ya kitanda chake, ila Luka amenyamaza. Tulichobakishiwa ni nguo na watu waliozivaa.

Nguo zile zilikuwa na uzito ambao sisi wa sweta za kununua tunausahau. Mjane aliyefiwa na mume alipoteza mlinzi na riziki kwa siku moja, na sura ya sita ya kitabu hiki hiki inaonyesha jinsi ilivyokuwa rahisi wajane kusahauliwa hata ndani ya kanisa, katika huduma ya kila siku. Torati ilikataza vazi la mjane lisitwaliwe rehani (Kumbukumbu la Torati 24:17). Sheria haikatazi jambo lisilofanyika. Walikuwapo watu waliokuwa tayari kuchukua nguo ya mjane na kuondoka nayo, maana nguo ilikuwa mali. Kabla ya kupata kitambaa ilibidi mtu asokote uzi wote kwa mkono, sufu au kitani, uzi kwa uzi, ndipo kitande kikatandikwa na kufumwa. Kanzu moja ilikula siku nyingi za mtu.

(Niseme jambo moja kwa wapenda historia, nisije nikaandikiwa barua: ufumaji wetu huu wa sindano mbili Dorkasi hakuujua. Vipande vya kale zaidi vya ufumaji wa namna hii vimepatikana Misri, na ni vya karne nyingi baada ya mitume. Yeye alishona.)

Wapo wanaosoma "alipokuwa pamoja nao" kwa maana ya "alipokuwa hai" tu, na hawajakosea. Lakini ni vigumu mtu kumtengenezea mwenzake vazi akiwa mbali naye. Lazima ujue mabega yake, urefu wa mkono wake, kama ni mtu wa baridi au wa joto, kama ana mtoto anayenyonya ili sehemu ya kifua ifunguke. Hana, mama yake Samweli, alimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka (1 Samweli 2:19). Mtoto yuko Shilo, mama yuko Rama. Kila mwaka ilimpasa akadirie amerefuka kiasi gani bila kumpima. Mama yeyote aliyewahi kumfumia mtoto wa mbali anajua kukadiria kule kulivyo: unaongeza mistari michache kwenye mkono, unasita, unaongeza mingine.

Huo ndio upande wa kikundi cha kufuma ambao ripoti za mwisho wa mwaka haziuoni. Ripoti huandika kofia na mablanketi. Haiandiki kwamba, ili zile kofia zipatikane, watu walikaa pamoja mpaka wakajuana vipimo.

Niwaeleze kinachotokea pale, kwa wasiowahi kukaa nasi. Kila mtu anakuja na donge lake la uzi na sindano zake. Tunaomba kwa ufupi, tunaanza. Mikono ikishapata mwendo wake, macho yanakuwa chini, kwenye kazi, na hapo ndipo maneno hupata njia. Mtu aliyefiwa hulemewa na kutazamwa. Ukimketisha mbele ya wachungaji watatu na kumwambia "haya, mama, eleza moyo wako," atasema anaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Mketishe kati ya watu wanaofuma, hakuna anayemwangalia usoni, kimya si aibu maana kila mtu anahesabu. Akifika mstari wa kumi anasema jambo ambalo hajalisema tangu mazishi. Hakuna anayeruka kumjibu. Mmoja anasema "pole, dada," sindano zinaendelea. Nimeona katika muda huo ushauri wa kichungaji wenye uzito kuliko baadhi ya semina nilizozilipia kiingilio.

Siku moja binti mgeni alidondosha kitanzi. Wanaofuma wanajua balaa lake: kitanzi kimoja kikitoka kwenye sindano, kinashuka mstari hadi mstari, na nyuma yake inabaki ngazi ya nyuzi zilizolegea. Binti alikwisha kushika ncha ya uzi ili afumue kazi yote. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yake akamzuia mkono, akatoa kulabu ya kroshia mfukoni. Akaiingiza kwenye kile kitanzi kilichoanguka, akaunasa uzi wa juu yake, akauvuta katikati ya kitanzi. Mstari mmoja umepanda. Akafanya na wa pili, polepole, ili macho ya binti yafuate. Kisha akampa kulabu. "Haya mwanangu, iliyobaki ni yako." Yeye akarudi kwenye soksi yake, wala hakutazama tena.

Sitaki kuligeuza tukio hilo kuwa mfano wa wokovu. Mahubiri mengi yamekwisha kuutumikisha uzi kuliko inavyostahili, na leo naomba uzi ubaki uzi. Ninachotaka mkione ni ile kulabu kubadilisha mkono. Katika Kutoka 35 tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, roho ya Mungu, katika hekima, akili na ujuzi wa kazi za kila aina. Hilo huwa tunalihubiri. Mstari wa 34 hatuuhubiri sana: Mungu alitia moyoni mwake, yeye na Oholiabu, apate kufundisha. Kwa hiyo mtu anaweza kupewa ujuzi wa mikono, na kufundisha ujuzi huo kukawa kipawa kingine, nacho kinatoka kwa Mungu yuleyule. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 25, wanawake wenye hekima moyoni walisokota kwa mikono yao wakaleta nyuzi za rangi ya samawi, za zambarau, nyekundu, na kitani safi. Hema ya kukutania ilianzia kwenye vidole vyao.

Na kwa anayedhani kufuma ni kazi ya wanawake peke yao: vyama vya mafundi wafumaji wa Ulaya katika karne ya 16 vilikuwa vya wanaume, na wachungaji wa kondoo wa Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walikuwa wakifuma soksi huku wamesimama juu ya ngongoti wakiangalia mifugo yao. Akina baba, viti vipo.

Makanisa yameutambua mwito huu kwa namna nyingi. Waadventista Wasabato wa Battle Creek, Michigan, waliunda chama chao cha Dorkas mwaka 1874, na jina hilo likaenea miongoni mwao. Mwaka 1998, huko Connecticut, Marekani, Janet Bristow na Victoria Galo walianzisha huduma ya shali za maombi. Mfumaji humwombea atakayelipokea shali tangu anapoanza kazi, na wenzake huweza kuliombea likimalizika kabla ya kumpelekea mgonjwa au mfiwa. Nimeipenda huduma hiyo kwa sababu inamshikisha mtu maombi ya saa nyingi kwa ajili ya jina moja. Wengi wetu tukimwombea mtu kwa dakika tatu tumejitahidi sana. Ila tahadhari: shali si hirizi. Likipotea au likichanika, hakuna ulinzi ulioondoka. Aliyeombwa ni Bwana, naye habadiliki.

Kuna mchoro wa Meister Bertram, Mjerumani, wa karibu mwaka 1400, uliopo Hamburg. Mariamu ameketi anafuma kanzu ya mtoto kwa sindano nne, kwa mzunguko, shingo inakaribia kwisha. Mtoto Yesu yuko chini na kitabu chake, na malaika wawili wanakuja wamebeba msalaba na zana za mateso. Ni ubunifu wa mchoraji, Biblia haisemi hivyo. Lakini alikuwa amesoma Yohana 19:23, kwamba kanzu ya Bwana haikuwa na mshono, imefumwa yote toka juu. Na aliwahi kumtazama mtu akifuma kwa mzunguko, maana nguo ya namna hiyo kweli haina mshono. Kilichonikamata ni kwamba sindano za Mariamu hazijasimama.

Sasa niseme mawili yasiyopendeza.

La kwanza ni ulimi. Paulo anamwandikia Timotheo habari za wazungukao nyumba kwa nyumba wakinena yasiyowapasa (1 Timotheo 5:13), na duara la wafumaji linaweza kufanya yote hayo bila hata kuinuka kitini. Yule aliyefunguka kwenye mstari wa kumi asisikie habari zake kwa jirani siku ya Jumapili. Basi.

La pili ni sadaka isiyouliza. Tunapenda kufuma kile tunachopenda kufuma. Rangi tuliyoipenda, uzi uliobaki kabatini, ua zuri tulilojifunza. Ukitaka kuwafumia watoto njiti kofia, nenda kwanza kwa wauguzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, ndiyo maana kofia inamsaidia. Lakini ngozi yake ni nyororo mno kwa sufu inayowasha. Vifungo, shanga na tepe ndefu ni hatari kwake. Kofia itafuliwa tena na tena, kwa hiyo uzi ustahimili kufuliwa. Na kipimo ni kidogo kuliko unavyodhani, mpaka utakapoambiwa utadhani unamfumia mwanasesere. Tusipouliza hayo tunakuwa tumejifumia wenyewe, kisha tumempa mtu mwingine aitunze furaha yetu.

Dorkasi, tunaambiwa, aliugua. Luka hasemi ni ugonjwa gani wala ulimlaza muda gani. Ina maana, kabla ya kufa, ilifika siku mikono ile ilipoacha kushona. Nawaza hilo kwa ajili ya mama mmoja kwetu ambaye baridi yabisi imemkunja vidole. Sindano hazimkai tena mkononi. Alitaka kuacha kuja. Akaambiwa uzi mpya unakuja katika mafungu makubwa yanayojifunga ovyo, na hakuna mwenye subira ya kuyakunja kuwa madonge. Sasa anakaa karibu na dirisha na kukunja, uzi umezungushwa kwenye magoti yake, na ni yeye anayejua nani hajaonekana kwa majuma mawili na ni kwa nini. Waraka kwa Waebrania unasema tuangaliane sisi kwa sisi, wala tusiache kukusanyika pamoja (10:24–25). Yeye ndiye mwangalizi wetu. Cheo hicho hakimo kwenye katiba ya kikundi, na sioni haja ya kukiandika.

Juma hili soma tena Matendo 9, na ukifika mstari wa 41 usikimbilie muujiza. Petro alimpa mkono akamwinua, kisha akawaita watakatifu na wajane akamweka mbele yao. Hakuondoka naye kwenda kumwonyesha Yerusalemu. Alimrudisha kwa watu wake, walewale waliokuwa wameshika nguo.

Tuombe.

Bwana, tunakushukuru kwa mikono uliyotupa, yenye nguvu na iliyokunjamana. Wakumbuke wajane na wagane wa kanisa letu, nasi utuwezeshe kuwajua kwa majina na kwa mahitaji. Wape nafuu wanaoumwa viungo. Utupe ulimi unaotunza tulichosikia. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, uwatie joto na uhai, na wazazi wao wanaokesha wodini uwape nguvu ya usiku wa leo. Na yule ambaye kiti chake kimekaa bure kwa majuma mawili, utuonyeshe njia ya kumfikia kabla ya Jumapili. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.