Drafti ya Jumamosi maktabani

Nilipokuwa darasa la saba, watu wengi walioingia maktaba ya umma pale Kakamega hawakuwa wamefuata vitabu. Wanafunzi wa sekondari walikuja na vitabu vyao, wakitafuta meza na utulivu. Wazee walikuja kusoma Taifa Leo, wakianzia kwenye matangazo ya vifo. Waliobaki walikuwa wamekimbia mvua, na kwetu mvua ya alasiri haina likizo. Mimi mama alinituma huko kila shule zikifungwa ili nisionekane nikizurura Muliro Gardens, bustani ya mjini inayosifika kwa wapenzi. Wa Kakamega watanielewa.

Kwa kuwa nilikuwa pale kutwa, mkutubi akanipa kazi ya kurudisha vitabu rafuni. Tulimwita Madam tu. Alinifundisha kusoma namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu, na kabla ya Krismasi rafu ya 896.392, yaani fasihi ya Kiswahili, ningeifikia nimefumba macho. Haikuwa ndefu.

Wakati huo katiba ya 2010 ilikuwa bado, maktaba hazijawa kazi ya kaunti, na maagizo yote yalitoka Nairobi. Likizo ile ya Desemba yalikuja maagizo kwamba kila Jumamosi kuwe na shughuli za bure kwa jamii, bila kiingilio. Saa ya hadithi kwa watoto ilijaa bila shida. Ngumbaru ya wazee wasiojua kusoma ilipata akina mama watano wa sokoni. Shida ilikuwa wanaume. Walikuwa hapo hapo nje ya ua, chini ya mti, wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda: vijana wa bodaboda, ambazo siku hizo zilikuwa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, mlinzi wa duka la jirani, na fundi wa viatu ambaye kila mtu alimwita Fundi.

Madam aliwafuata hukohuko. Nilikuwa nyuma yake nimebeba karatasi za tangazo.

"Kule Garissa, tangu 1996, vitabu vinapelekewa watu kwa ngamia," aliwaambia. "Nyinyi mna lami mpaka mlangoni."

"Kwani Madam, ndani kuna drafti?" akauliza mmoja.

"Kuanzia Jumamosi, iko."

Sharti lilikuwa moja. Atakayeshindwa atasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kitabu au gazeti, achague mwenyewe. Walicheka. Mimi niliona ni werevu mtupu, na bado nauona hivyo, ijapokuwa kulikuwa na jambo ambalo Madam hakulipigia hesabu.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulinuka jasho na koti lililolowa. Fundi alikuja na ubao wake, kipande cha plaiwudi, miraba myeusi imepakwa rangi ya viatu hadi inang'aa. Upande mmoja ulicheza vifuniko vikiwa wima, mwingine vikiwa vimepinduliwa, na kete ikifika mwisho ikapandishwa mwenzake mgongoni, basi ni kingi. Waliposhindwa, wengi walichagua ukurasa wa michezo. Kijana mmoja wa bodaboda aliangukia habari ya Gor Mahia kuifunga Ingwe, yaani AFC Leopards, timu ya kwetu, akalazimika kuisoma yote mbele ya ukumbi uliojaa mashabiki wa Ingwe. Alizomewa kila aya. Timu hii ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya United. Kwetu kuisomea kipigo chake kutoka kwa Gor, mashemeji wetu, ni kama kusoma wosia kabla mzee hajazikwa. Madam alimwacha afike nukta ya mwisho.

Fundi hakushindwa. Siku ile hakushindwa na nyingine zilizofuata hakushindwa. Alicheza polepole, kidole gumba chenye gundi iliyokauka kikielea juu ya kete hadi mpinzani achoke. Watu walisema anataka zawadi.

Nusu fainali nikapangwa naye. Mtoto mwingine hakuwa amebaki, na wakubwa walishaanza kunitania kwamba nitaliwa mbichi. Katikati ya mchezo mvua ikaanza kugonga mabati. Viatu vya wateja wa Fundi vilikuwa nje chini ya karatasi ya nailoni, na jicho lake likawa linakwenda dirishani. Nikamsogezea kete moja ya bure. Katika drafti kula ni lazima, akala. Nami nikaruka: moja, mbili, tatu, nikatua mstari wake wa mwisho. Ukumbi ulilipuka. Mlinzi wa duka alininyanyua juu.

Fundi hakucheka. Alitazama ubao, kisha akatazama meza ya Madam palipokuwa na gazeti.

Alilichukua, akalikunja vizuri kama mtu aliyezoea, akasimama kando yangu. Nilikuwa nimekaa, ukurasa uko usawa wa uso wangu. Ulikuwa wa zabuni za serikali, vijisanduku vitupu na mihuri.

"Uwanja wa Bukhungu umefurika," akaanza.

Sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mtangazaji wa redio. Ingwe wanaanza mpira. Winga wa kulia anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, majani yana maji, anateleza, anainuka nao. Kufikia hapo watu walikuwa kimya wakidhani ni mechi halisi. Kisha mpira ukamfikia mlinzi wa duka, ambaye siku hiyo, kwa mujibu wa gazeti la Fundi, alikuwa namba sita. Mlinzi akapasia kijana wa bodaboda, yule aliyezomewa, naye badala ya kupiga akasimama kumuuliza abiria nauli. Ukumbi mzima ukaanguka. Akina mama wa ngumbaru waliacha kalamu wakaja mlangoni. Goli lilifungwa na Madam, kwa kichwa, dakika ya tisini, na Fundi akalivuta neno "gooooli" huku macho yake hayajatoka kwenye zabuni.

Nilimtazama Madam. Alikuwa anapiga makofi kama wengine, lakini alipolipokea gazeti aliutupia ukurasa jicho kabla ya kulikunjua.

Jumamosi iliyofuata sharti lilikuwa limeandikwa upya ubaoni kwa chaki: atakayeshindwa atasoma au atasimulia. Hakueleza sababu na hakuna aliyeuliza. Tangu hapo gazeti likakosa msomaji, kila mtu alitaka kusimulia, na mpango wa Madam wa kuwasomesha wanaume kwa hila ukafia hapo. Sikumwona akijuta. Fundi naye alianza kuonekana ngumbaru, ila siku za mvua tu, wakati viatu havina biashara. Alichotaka, alimwambia Madam wazi, ni kuandika majina ya wadeni wake na bei. Mengine ya vitabuni hayakuwa na haraka.

Fainali nilicheza na yule kijana wa bodaboda. Alinifunga bila jasho. Zawadi zilikuwa zimenunuliwa kwa kudhani washindi watakuwa watoto, kwa hiyo alikabidhiwa daftari nne na seti ya jometri, akaifunga kwenye kiti cha baiskeli kwa mpira wa kufungia mizigo.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisema nitasoma, nikanyoosha mkono kuchukua kitabu.

"Hapana!" Fundi akapaza sauti kutoka nyuma. "Asimulie!"

Sikuwa na hadithi yoyote kichwani. Nikasimulia nusu fainali, jinsi nilivyomtegea Fundi kete moja nikamla tatu kwa mkupuo.

"Mbili!" akadakia. "Muulize Madam, zilikuwa mbili!"

Madam akasema yeye alikuwa anaangalia mvua.