Transista ya grafini, wiki ya tano: mawese yamegoma

Kipande cha kwanza kilikufa Jumanne. Nilipandisha geti (waya uliochovywa kwenye tone la maji juu ya grafini) hadi volti 2, vipovu vikaanza kupanda kwenye waya. Maji yanaanza kuvunjika kwenye volti 1.23, nalijua hilo tangu sekondari, ila tamaa! Grafini ikabanduka kama ganda la kitunguu. Vimebaki vitatu.

Kwa wageni: natengeneza kihisio, yaani kifaa cha kupimia kimiminika, kwa grafini, ambayo ni tabaka moja tu la atomi za kaboni. Vipande vyangu nilivinunua tayari, vimelazwa juu ya silikoni, kila kimoja na miguu miwili ya dhahabu niliyoipaka rangi ya kucha isilowe. Mkondo unapita kati ya miguu, geti inaubana au kuuachia. Geti ya kawaida hukaa nyuma ya kihami (kisichopitisha umeme) cha oksidi, mara nyingi nanomita 300, na hudai makumi ya volti. Mimi naweka tone la kimiminika: ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinajipanga juu ya grafini kwa unene usiofika hata nanomita 1, kwa hiyo betri ya tochi inatosha.

Kimiminika gani sasa? Nilianza na mawese. Mama mdogo akanikuta jikoni na bomba la sindano: "Mafuta ya kukaangia migebuka, unamchoma nani?" Hayakufanya kitu, mkondo ulilala palepale. Mafuta hayana ayoni za kutembea.

Chumvi ya Uvinza kwenye maji safi ilinipa bonde zuri la umbo la V kwenye grafu ya mkondo dhidi ya volti ya geti. Lakini kwa kiangazi hiki tone linakauka kabla sijarudia kipimo, chumvi inakolea, bonde linahama. Gliserini ya duka la dawa, yenye chumvi ileile, haikauki. Ila ni nzito mno, kila hatua nasubiri dakika nzima. Kulinganishia vipande inafaa. Kwa kihisio hapana, maana kinachopimwa ndicho kinachopaswa kuwa geti.

Jumamosi nikachota maji ya ziwa pale Kibirizi. Tanganyika ina madini ya kutosha na pH (kipimo cha uasidi) karibu 9. Bonde likatokea bila kuongeza chochote. Tone la ndimu likalisogeza kushoto. Nilipiga kelele, kisha nikakumbuka waya: ni wa fedha, nimeuomba kwa sonara na kuuloweka kwenye klorini ya kufulia hadi ukawa kijivu, na volti yake inayumba kila kiasi cha kloridi (ayoni ya chumvi) kikibadilika. Wiki ijayo nautia kwenye mrija wake wenye maji ya chumvi, mdomoni nizibe kwa utambi wa pamba, ndipo nikamue tena ndimu.