Kumbukumbu ya mradi wangu: lori la taa la Kansas City Monarchs

Jumapili, wiki ya kwanza

Nimeanza rasmi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaza daftari historia ya Kansas City Monarchs, timu ya besiboli ya watu weusi wa Marekani, na ninaiandika kwa Kiswahili ili wanangu waisome bila kuhangaika. Daftari limefika mwaka 1930 na hapo nimekwama. Kila nikieleza taa walizobeba kwenye lori ili wacheze usiku, naona maneno hayafiki. Kwa hiyo nimeamua kuliunda lori lenyewe kwa waya na bati, wanangu walione kwa macho.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, timu iliundwa mwaka 1920 na J. L. Wilkinson. Wakati huo ligi kubwa za Marekani hazikumchukua mchezaji mweusi hata awe hodari vipi. Februari ya mwaka huo Rube Foster, mwenye timu ya weusi ya Chicago, aliwakusanya wenye timu wenzake katika jengo la Paseo YMCA, Kansas City, wakaunda ligi yao, Negro National League. Wilkinson ndiye aliyekuwa mzungu pekee kati yao. Mwaka 1924 timu za weusi zilichezeana fainali yao ya kwanza ya dunia, Monarchs dhidi ya Hilldale ya Pennsylvania. Zilichezwa mechi 10: Monarchs walishinda tano, wakapoteza nne, moja ikaisha sare. Mechi ya mwisho kocha wao José Méndez, Mkuba, aliingia mwenyewe kurusha mpira, na Hilldale hawakupata hata pointi moja. Matokeo yalikuwa 5–0. Ukurasa huo nimeuandika mara tatu kwa furaha tu.

Jumatano

Bodi ya lori imekamilika. Bati nimelitoa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikalikunja kwa koleo juu ya kipande cha mbao. Tatizo ni nguzo. Nguzo za Wilkinson zilikuwa zinaingiana, kipande ndani ya kipande. Lori likiwa njiani zimelala, likifika uwanjani zinavutwa juu hadi kama mita 15. Mirija ya kalamu nimeijaribu, inapinda.

Alhamisi

Nimepata! Nimekwenda kwa fundi redio wa mtaani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeleta redio?"

"Hapana, nimekuja kuomba antena mbovu."

"Antena ya nini bila redio?"

"Ya nguzo ya taa. Inyanyuke hivi, ishuke hivi."

Akafungua droo, akanipa mbili, hela akazikataa. Antena ya redio ndiyo nguzo ile kabisa. Ukiivuta inatoa sauti ndogo kila kipande kinapokaza. Nimekaa jioni nzima nikiivuta na kuirudisha.

Jumamosi, wiki ya pili

Leo nimeandika zaidi kuliko kuunda, maana ni lazima nieleze kwa nini mtu anabeba umeme kwenye lori.

Mwaka 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Wanaokwenda uwanjani ni vibarua na wafanyakazi, na mchana wako kazini, au wanazunguka kutafuta kazi. Timu isiyo na watazamaji haina mshahara wa kulipa. Wilkinson akaweka rehani mali zake, akatengenezesha taa za kubebwa na jenereta yake. Usiku wa tarehe 28 Aprili 1930, huko Enid, Oklahoma, Monarchs walicheza chini ya taa hizo dhidi ya Chuo Kikuu cha Phillips. Ligi kubwa ya wazungu ilicheza mechi yake ya kwanza ya usiku Mei 1935, Cincinnati. Miaka mitano baadaye! Hili nataka wanangu walijue kabla ya jambo lingine lolote.

Hazikuwa taa nzuri. Mpira ukipigwa juu sana ulipotelea gizani kupita mwanga, na jenereta ilinguruma kiasi kwamba wachezaji walishindwa kusikilizana. Lakini watu walikuja. Ligi yao ilivunjika mwaka 1931, nao Monarchs walikuwa wameshatoka. Walizunguka mji hadi mji, wakicheza na yeyote aliyekubali, hadi walipoingia Negro American League mwaka 1937. Mwaka 1942, wakiwa na wachezaji kama Satchel Paige, Hilton Smith na Buck O'Neil, waliifunga Homestead Grays mechi nne bila wao kufungwa katika fainali ya dunia ya ligi za weusi.

Jumanne

Balbu mbili zimeungua. Nilipeleka betri moja kwa moja bila kipingamizi cha kupunguza umeme. Nimenunua nyingine nne, nimeziunga polepole kwa risasi ya kuyeyusha, na waya nimeupitisha ndani ya antena. Risasi ilidondoka ikakwamisha kipande cha pili, nikalazimika kukipiga msasa hadi saa tano usiku.

Ijumaa

Ukurasa mgumu ni wa 1945. Jackie Robinson alicheza Monarchs mwaka huo. Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kubwa, akamchukua, na Monarchs hawakulipwa hata senti. Walilalamika, kisha wakanyamaza, kwa sababu kudai haki yao kungeonekana ni kumzibia njia kijana. Aprili 1947 Robinson aliingia ligi kubwa. Wengine wakafuata: Paige mwaka 1948, Elston Howard akaenda Yankees, Ernie Banks akaenda Cubs mwaka 1953. Hakuna timu ya weusi iliyotoa wachezaji wengi kwenda ligi kubwa kuliko Monarchs. Mashabiki nao wakawafuata vijana wao huko. Mwaka 1955 Athletics, timu ya ligi kubwa, walihamia Kansas City, Monarchs wakauzwa na kuhamishiwa Grand Rapids, Michigan, wakibaki na jina tu, hadi wakafifia katikati ya miaka ya 1960.

Nimeandika pia kwamba Desemba 2020 ligi kubwa ilikubali kuzihesabu ligi za weusi za 1920 hadi 1948 kuwa nazo ni ligi kuu. Wengi wa waliocheza walikuwa wameshakufa. O'Neil, aliyezunguka miaka mingi akiwasimulia watu habari zao, alifariki 2006.

Jumapili, wiki ya tatu

Umeme ulikatika saa mbili usiku, nikaona ndio wakati wenyewe. Nimeliweka lori mezani, nikavuta antena zote mbili, nikawasha. Mwanga ulifika mwisho wa meza, pembeni giza. Binti yangu akarusha kitufe cha shati juu ya taa. Kikapotea, kisha tukakisikia kikianguka sakafuni.

"Baba, sasa walikuwa wanakidaka vipi?"

Tumerusha tena na tena. Mara ya tisa akakidaka.

Kesho naanza basi lao. Walilala humo pale hoteli zilipowakatalia, kwa hiyo viti nitavitengeneza vya kulaza nyuma.